UZI: Bukavu tunakata parseli (viwanja) kwanza, maji tunayatafutia njia baadaye

Mpima_Ibanda (mwenye uzi)

Wazee, mama zetu, vijana, salamu kwenu wote.

Kazi yangu ni kupima viwanja na kusimamia shantie (kazi za ujenzi) hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kila mwaka mvua ya Septemba ikirudi, habari ni zile zile: ukuta umelala, njia imekatika, nyumba ya juu imeshukia ya chini. Lawama inamwendea fundi, ati amekula sima (saruji), au anasingiziwa Mungu aliyeleta mvua. Leo nataka tuongee juu ya kinachoharibika kabla fundi hajaitwa, nacho ni utaratibu wa kupanga mradi wenyewe. Kwetu umegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Tazameni. Familia inakata shamba la mlimani na kuuza vipande. Mnunuzi anajenga. Akishajenga anatafuta karatasi. Akipata karatasi anaanza kuuliza barabara itapita wapi. Barabara ikishalimwa, mvua ya kwanza ndiyo inawakumbusha watu kwamba maji nayo yanahitaji njia, na wakati huo kila shubiri ina mwenyewe. Basi kanivo (mfereji wa maji) inapindishwa, inapindishwa tena, mpaka inafika kwa mjane asiye na mtu wa kumsemea. Hapo ndipo inapomwaga.

Sheria nayo imechangia, na hili watu wa ofisini hawapendi kulisikia. Tangu sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Dola, sisi tunapewa haki ya kuitumia tu. Unaanza na mkataba wa kupangishwa usiovuka miaka 3, na ili upewe haki ya kudumu ni lazima uonyeshe umekiendeleza kiwanja. Nia ilikuwa njema, kuzuia watu kulalia viwanja. Ila juu ya mlima wa Bukavu mtu anaielewa hivi: pandisha kuta upesi, udongo utaujua mbele ya safari. Halafu anayetoa hati ya ardhi siye anayetoa ruhusa ya kujenga, na hao wote siyo OVD, ofisi ya Dola inayoshughulika na barabara za mjini na mifereji. Ofisi tatu kwa mlima mmoja, na kila moja ina ramani yake, kama inayo.

Sasa hesabu ndogo. Chukua nyumba yenye bati la mita 10 kwa 10. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu si ajabu kwa alasiri moja, inaangusha juu ya bati hilo lita 4,000. Hizo ni bidoni (madumu) 200 za lita 20. Palipokuwa na migomba, ardhi ilikunywa sehemu kubwa ya maji hayo taratibu. Bati halinywi hata tone. Weka nyumba 50 kwenye mteremko mmoja, ni bidoni 10,000 zinazoshuka kwa pamoja, na hapo sijahesabu njia zilizokanyagwa zikawa ngumu wala nyua zilizomwagiwa sima. Nani alipanga zishukie wapi? Hakuna. Zinajichagulia.

Na yale yanayozama ardhini ni mabaya kuliko yanayopita juu. Udongo wetu mwekundu ni mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkano iliyooza mpaka kina kirefu. Ukikauka utausifu, ukilowa hadi ndani unateleza. Kule mtaa wa Funu, katika komini ya Kadutu hapa mjini, mteremko mzima unatembea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha picha za anga za zamani na za setelaiti, ulionyesha kwamba kukua kwa mji kumeuongezea mwendo: maji ya mabati, mabomba yanayovuja, ardhi iliyokatwa huku na kurundikwa kule. Watu maelfu kwa maelfu wanalala juu yake usiku huu.

Ninachodai ni hiki: mstari wa kwanza kwenye ramani uwe wa maji, wa pili wa barabara, parseli ije ya tatu. Na kwenye devi (makadirio ya gharama), kabla ya sima na nondo, pawe na fungu la kuujua udongo. Nipingeni.

Mama_wa_Bagira

Bwana Mpima, umesema vizuri, lakini umesema kama mtu mwenye mshahara. Watu waliokimbia vita kule vijijini wakafika hapa na magodoro kichwani, wewe utawaambia wangojee ramani ya maji? Wanalala wapi wakingojea? Mtu anapata kipande cha mita 6 kwa 8 kando ya mto Nyamuhinga, anasimamisha mbao, anashukuru. Yeye hana devi. Devi yake ni pesa iliyo mfukoni.

Na huyo wa kuchora mstari wa maji ni nani? Si ndio hao hao waliouza kingo za mto? Kwetu kuna parseli imetolewa katikati ya korongo kabisa, na karatasi iko, na muhuri uko. Anza na hao, halafu uje kwetu.

Mpima_Ibanda

Mama, sikatai. Nimewahi kushikiwa mkononi ramani yenye viwanja vilivyopangika vizuri kama meno, nikafika mahali penyewe nikakuta viwili vimo ndani ya maji. Aliyeichora hakutoka ofisini.

Ila hapo pa "masikini hawezi kungojea" ndipo tunapopotezana. Mtu wa mbao ndiye anayepoteza yote. Mwenye jumba la Muhumba ukuta wake ukianguka anajenga mwingine. Kuchora njia ya maji kwenye avenyu moja hakuhitaji mashine ya Ulaya. Kunahitaji shefu wa avenyu, vigingi, kamba, na watu wakubaliane kabla kipande cha mwisho hakijauzwa. Baada ya hapo kila kitu ni ghali, kwa sababu inabidi ubomoe.

Injenia_Mstaafu

Vijana, niingie kidogo.

Mimi nimejenga kuta za kuzuia udongo katika huu mji miaka mingi, na nikiitwa kuangalia ukuta ulioanguka, mwenyewe ananiambia "tuuongeze unene". Ukuta wa mawe haukuanguka kwa wembamba, jamani! Ulisukumwa na maji. Ukuta wa mita 3, nyuma yake maji yakijaa hadi juu, maji peke yake yanausukuma kwa karibu tani 4 na nusu kwenye kila mita moja ya urefu wake. Hapo hujaweka udongo. Na ukuta wa mita 4? Karibu tani 8. Ukiongeza kimo kidogo, msukumo unaruka.

Dawa yake ni rahisi mpaka watu hawaiamini. Nyuma ya ukuta unaweka mawe matupu au changarawe, upana wa sentimita 30 hivi, kutoka chini mpaka karibu na juu. Unapitisha vipande vya bomba ukutani, kila mita moja na nusu au mbili, vikiinamia nje. Juu unaziba kwa udongo mgumu, na nyuma yake unachimba kifereji ili maji ya uani yasiingie. Ukipita mjini, angalia kuta: nyingi hazina tundu hata moja. Nyingine zina matundu mazuri sana, lakini nyuma yake fundi alirudishia mfinyanzi ule ule. Matundu ya pambo. Mvua ikinyesha, tundu likibaki kavu wakati udongo wa juu umelowa chepechepe, huo ukuta usiukae karibu.

Jambo la pili, ambalo Mpima hakuligusa. Sisi tuko kwenye bonde la ufa. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, tetemeko la 5.9 lilitutikisa hapa na wenzetu wa ng'ambo ya mto Ruzizi. Nyumba nyingi za matofali nilizoziona zimepasuka hazikuwa na mkanda wa zege na nondo unaozunguka kuta zote juu ya madirisha. Mkanda huo haupandishi gharama ya nyumba kama watu wanavyodhani. Lakini ukianza kujenga bila kupanga, pesa inaishia kwenye madirisha na mkanda unasahaulika.

Kijana_wa_Nguba

Mzee wangu, si mngesema tu ukweli: Wabelgiji walipanga, sisi tumeharibu? Costermansville, yaani Bukavu ya enzi zao, ilikuwa na barabara, miti, mifereji ya mawe. Mpaka leo ile mifereji yao ndiyo inabeba maji.

Injenia_Mstaafu

Mwanangu, mifereji yao ni mizuri, ninaikubali. Lakini walipanga kwa ajili ya nani? Wao walijiwekea rasi za ziwani, penye mwamba na upepo. Wafanyakazi wao wakawekwa mlimani Kadutu. Wakuu wa leo walirithi dikrei (amri ya serikali) ya mipango miji ya tarehe 20 Juni 1957, iliyoandikwa kwa mji mdogo wa watu wachache. Mfereji uliochimbwa kupokea maji ya mashamba na mabati machache, leo unapokea ya mlima mzima uliojaa nyumba, pamoja na chupa na viroba. Ukimsifu aliyeuchimba, uulize pia kwa nini hakuna aliyeupanua.

FundiUmeme_Kadutu

Na hizo chupa hazikai mferejini. Zinateremka na mito ya Kawa na Wesha mpaka ziwani, zinaelea mpaka mlangoni pa Ruzizi, zinakwenda kuziba mitambo kwenye bwawa. Umeme ukikatika watu wanatukana SNEL, shirika la umeme, kumbe uchafu ni wa avenyu yao wenyewe. Mpango wa mfereji bila mpango wa taka ni kuchimbia takataka barabara ya lami.

Mwana_Goma

Wajirani, salamu kutoka upande wa pili wa ziwa. Nimesoma nikacheka kidogo, kwa sababu shida yetu ni kinyume. Goma hatuna mto mjini. Maji ya mvua yanazama kwenye nyufa za lava. Nyumba zetu haziserereki, chini ni jiwe. Fundi wa Goma anapasua lava kwa nyundo, anaanzia msingi hapo hapo, anajenga.

Lakini na sisi tunapanga vibaya, ila kwa namna yetu. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipitisha lava katikati ya mji hadi ziwani, ikafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Baada ya muda watu walirudi juu ya jiwe lile lile, mipaka ile ile, njia nyembamba zile zile. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukatoka tena, lava ikafika upande wa Buhene. Watu wakakimbia usiku, na njia za kukimbilia ni zile zile chache. Tulipewa mji mtupu wa kuuchora upya, tukachora ule wa zamani.

Na kuko jambo ambalo mnunuzi wa parseli haonyeshwi mchana: mazuku. Upande wa magharibi ya mji na kando ya ziwa kuna mabonde ambako hewa nzito inatoka ardhini, inajikusanya chini kama maji. Haina rangi. Asubuhi unakuta mbuzi au kuku amekufa hapo. Mtu anaweza kukuuzia shimo la hivyo kwa bei nzuri, na wewe ukafurahi kwamba umepata mahali pa kuchimba msingi bila jasho. Kwa hiyo kwetu mstari wa kwanza kwenye ramani usiwe wa maji tu. Uwe wa lava, wa mazuku na wa njia ya kukimbilia. Na maji pia: kila kinachozama kwenye nyufa zetu, vyoo vikiwemo, hakipotei, na sisi maji ya kunywa tunayatoa ziwani.

Mpima_Ibanda

Mwana_Goma, umeuongezea uzi nyama. Nakubali: mstari wa kwanza uwe wa kile ambacho ardhi yenyewe imeshaamua. Kwenu lava na mazuku, kwetu maji na mteremko.

Mtoto_wa_Katuba

Huku Lubumbashi njo ile ile, ila yetu inajificha kwa sababu ni tambarare. Mji ulianza mwaka 1910 na mitaa yake imenyooka kama daftari la hesabu, basi watu wanafikiri mpango upo. Upo katikati. Ukitoka nje kidogo, watu wanajenga ndani ya dembo, bonde la nyasi linalojaa maji wakati wa mvua. Kiangazi dembo ni nyasi kavu, mtoto anacheza mpira, muuzaji anakuonyesha Agosti. Januari unalala maji yako chini ya kitanda.

Ingine ni mashimo ya matofali. Udongo wa vichuguu njo unatoa tofali zuri, basi kichuguu kinachimbwa mpaka chini ya usawa wa ardhi, shimo linabaki, linajazwa taka, linasawazishwa, linauzwa. Nyumba ikijengwa nusu juu ya ardhi ngumu na nusu juu ya shimo lililojazwa, inapasuka katikati kama mkate. Ukiwa mnunuzi huku, njoo mwezi wa Februari, na uombe kuchimba.

Dada_Cimpunda

Niko na swali, wala si la siasa. Mimi na bwana yangu tunataka kununua parseli huku Cimpunda, imekatwa mlimani, upande mmoja ukuta wa udongo, upande mwingine imejazwa ikawa tambarare nzuri. Muuzaji yuko na karatasi. Tutajuaje kama ardhi ni nzima? Pesa ya injenia hatuna, tuna ya parseli tu.

Mpima_Ibanda

Dada yangu, karatasi inakwambia kiwanja ni cha nani. Haikwambii kama kitakaa mahali pake. Fanya hivi.

Usianze na kiwanja, anza juu yake. Panda mpaka mgongoni mwa mlima uangalie kama kuna nyufa ardhini zilizopinda kama mwezi mwandamo, na kama kuna ngazi ndogo ya udongo, upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Hiyo ikiwepo, geuza njia urudi nyumbani. Kisha angalia mikaratusi na nguzo za umeme. Mti mmoja kuinama si habari, ila yote ikiinamia upande mmoja, au shina limepinda chini na kunyooka juu, ardhi inatembea. Ingia kwa majirani, omba maji ya kunywa, na ukiwa ndani sukuma mlango. Milango isiyofungika nyumba tatu mfululizo siyo kosa la seremala.

Uliza bibi wa zamani wa hapo zamani walichota maji wapi. Ukiambiwa "hapa hapa penye parseli", basi chemchemi ipo, imezikwa tu. Mahali palipolowa mwezi wa Julai, wakati hakuna mvua, ni pa kuogopa kuliko palipolowa Novemba.

Ukitoka hapo, ile tambarare nzuri ndiyo inayonitia shaka. Omba kuchimba shimo la mita 2 upande uliojazwa. Kijana mmoja mwenye chepe anatosha, na wewe simama ukingoni uangalie kinachotoka. Ukiona plastiki, vipande vya matofali, majani meusi, hiyo ni jaa lililofunikwa. Chukua donge la udongo, libinye: likivutika kama unga wa mkate na kung'aa ukilipitishia kidole, ni mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Acha shimo wazi usiku mmoja na uzuie watoto wasikaribie. Asubuhi ukikuta maji ndani, na mvua haikunyesha, umeshajua yanapopita.

Mkiamua kununua, nyumba nzima ikae upande uliokatwa, mbali na ukuta wa udongo, na upande uliojazwa uwe uwanja wa watoto na bustani. Msiweke nusu huku nusu kule, Mtoto_wa_Katuba ameshasema yanayofuata.

Na kama kuna nyumba tayari yenye ufa, bandika plasta nyembamba juu ya ufa, andika tarehe kwa msumari. Plasta ikipasuka katika msimu mmoja wa mvua, ufa uko hai.

Mama_wa_Bagira

Hiyo ya mlango nimeipenda. Kwetu nyumba zote milango tunaikaza na jiwe, tukafikiri ni mbao mbovu.

Dereva_wa_Essence

Mmesahau moto. Kila mara mtaa wa mbao ukiungua Kadutu au Nyamugo, gari la zimamoto linasimama barabarani, wazimamoto wanabaki kuangalia moshi. Njia ni ya mtu mmoja na beseni kichwani. Kama mnachora mstari wa maji, basi uwe mpana kidogo gari lipite kando yake. Kipande kimoja cha ardhi kifanye kazi mbili.

Mpima_Ibanda

Dereva, huo ndio mpango wenyewe. Mfereji mkuu na barabara vikae pamoja, na barabara isiteremke moja kwa moja kama watu wanavyopenda kwa sababu ni karibu. Njia inayoshuka wima inakuwa korongo baada ya misimu michache. Ikate mlima kwa kuuzunguka, ipande taratibu, na kanivo upande wa juu. Ndiyo, ni ndefu zaidi. Ndiyo, baadhi ya watu watapoteza kipande cha parseli. Hapo ndipo penye ugomvi, na hakuna injenia wa kuumaliza. Ni kazi ya burugumesta (mkuu wa komini) na shefu wa kartie (mtaa) kukaa na watu na kuwafidia ardhi kwa ardhi kabla hawajajenga.

Mama_wa_Bagira

Haya Bwana Mpima, nimekupinga vya kutosha. Shefu wetu wa avenyu amesoma huu uzi kwenye simu yangu. Anasema juu kabisa bado kuna parseli hazijauzwa, na familia yenye shamba inakubali kuacha njia ya maji kama majirani wa chini nao watasafisha kanivo yao kila Salongo, siku ya kazi ya pamoja. Tunahitaji mtu wa kuonyesha vigingi vikae wapi. Unakuja na mashine?

Mpima_Ibanda

Mama, mashine haihitajiki kwa mwanzo. Tafuta tuyo (bomba laini) ya plastiki inayoonyesha ndani, ile mafundi wanasawazishia, urefu wa mita 20 hivi, uijaze maji bila mapovu. Vijana wawili wenye miti iliyopimwa, vigingi, chokaa. Shefu awepo mwenyewe, asitume mtu, na familia ya juu iwepo pamoja na watu wa chini, maana kigingi kilichopigwa bila mwenyewe kuona kinang'olewa usiku.

Siku ya kwanza tusipige kigingi chochote. Mvua ikianza, nipigie simu, nivae buti nije tutembee nayo kutoka juu hadi Nyamuhinga tuone inapopita yenyewe. Tutaweka alama za mawe tu. Vigingi siku itakayofuata.

Dada_Cimpunda

Mrejesho: muuzaji amekataa tusichimbe shimo. Anasema tutamharibia kiwanja. Bwana yangu amerudisha pesa mfukoni, tunaangalia kingine huku huku.